Daktari wa Uani

Binti yangu alikuwa anacheka. Hicho ndicho kilichoniudhi, kabla hata sijajua anacheka nini. Alikuwa amejilaza kwenye kochi hapa kwetu Batsinda, kompyuta juu ya tumbo, miguu juu ya mto niliomkataza mara mia asiukanyage.

"Mama, njoo uone watu wa zamani walivyokuwa wakiogopeshwa na upuuzi!"

Nikainama kutazama. Picha ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe. Mzungu mwenye nywele zilizosimama wima, koti jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, alikuwa akizungusha gurudumu la mashine. Cheche zilirukaruka kati ya mipira miwili ya chuma. Mbele yake palikuwa na meza, na juu ya meza palilala mtu aliyefunikwa shuka. Ni zile filamu za Kimarekani za zamani sana, za madaktari wenye wazimu wanaotaka kuumba watu kwa umeme. Nilinyoosha mkono nikaifunga kompyuta kwa nguvu, nusura nimbane vidole.

"Mama! Nimefanya nini?"

"Usicheke vitu usivyovijua," nikamwambia, nikaondoka kwenda jikoni.

Kule jikoni hapakuwa na chochote juu ya moto, lakini pua yangu ilijaa harufu ya risasi ya kulehemu, ule moshi mwembamba unaonuka utomvu uliochomwa. Nilishika ukingo wa karo hadi harufu ikapotea. Sikumweleza binti yangu. Nawaeleza ninyi mlio rika langu, mliokaa mkekani kwenye vyumba vya video mkiwa na umri wa miaka tisa, mkaamini kila mlichoambiwa. Na nawaambia mapema kwamba sijapoa.

Tulikaa Biryogo, mtaa wa Waislamu mjini Kigali, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya ndani na Kinyarwanda lugha ya njiani. Baba alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu na sare za shule barazani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kutwa, hata wakati wa kula. Nyuma ya nyumba, uani, tulikuwa na chumba kimoja cha kupangisha, na mpangaji wetu aliitwa Anastazi.

Alikuwa Mkristo, mrefu, mwembamba, asiye na mke. Zamani alifundisha sayansi sekondari, kisha akaachishwa kazi. Wakubwa walipozungumza habari hiyo walishusha sauti, basi mimi nikajitungia sababu yangu: nilidhani alifukuzwa kwa kula chaki, maana sikuweza kufikiria kosa jingine ambalo mwalimu angelifanya. Kwamba alikuwa Mtutsi, na kwamba jambo hilo peke yake lilitosha, nilikuja kuelewa baadaye sana.

Kutoka shuleni alikuja na vitu viwili, koti jeupe la maabara na chupa kubwa ya kioo yenye chura aliyehifadhiwa ndani ya spiriti. Chura yule alikuwa amenyoosha mikono kama anayeomba dua. Koti alilivaa kila siku, kwa sababu kazi yake mpya ilikuwa kutengeneza redio na kuchaji betri za magari, na tindikali ya betri ilikuwa imeshamtobolea mashati yote. Mlangoni kwake palijaa nyaya, spika zilizochanika na masanduku ya redio yaliyotolewa matumbo. Aliniita "Mamzeli Hadija", kwa ile adabu ya watu waliosoma Kifaransa, na kila nikipita alinipa sumaku ndogo nicheze nazo, nizirudishe jioni.

Nilimpenda. Naomba mlijue hilo kabla sijaendelea.

Chumba cha video kilikuwa cha Shabani, nyumba nne kutoka kwetu. Mmarekani mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia sanduku zima la kaseti, na karibu zote zilikuwa filamu hizo za zamani. Shabani alidai kwamba alijua Kiingereza tangu alipokuwa utingo wa malori ya Mombasa. Jumapili baada ya sala ya alasiri tulijipanga, watoto mkekani mbele, wakubwa kwenye mabenchi, dirisha limezibwa kwa shuka nene. Chumba kilinuka jasho, karanga na mafuta ya nazi. Shabani alisimama kando ya televisheni akiwa na kijiti, na kila mtu wa kwenye filamu alipofungua mdomo, Shabani alimsemea kwa Kiswahili.

Na alijua kusema, siwezi kumnyima hilo. Daktari yule wa kizungu alipoinama juu ya mtu wa mezani, midomo ikitikisika, Shabani alishusha sauti mpaka tukasogea mbele ili tusikie.

"Anasema, sasa nitakuwa na jeshi langu! Watu wasiokufa! Nitawatuma waingie nyumba kwa nyumba, na hakuna atakayejua kwamba ni mimi!"

Yule wa mezani akainuka, uso umeshonwa kwa nyuzi nene, akatembea kwa miguu mikavu kama magogo. Tulipiga kelele. Mtoto mmoja alijikojolea, na mkeka ukalowa mpaka nilipokaa mimi. Hakuna aliyeondoka.

Jumapili moja televisheni ilianza kupiga mistari, na Shabani akatuma aitwe Anastazi. Akaja na koti lake jeupe, akafungua nyuma ya televisheni, akakaza kitu, picha ikatulia. Filamu ilikuwa ileile ya daktari, tuliyoiona mara tatu au nne. Anastazi akabaki mlangoni kutazama. Alikuwa amesoma miaka kadhaa Uganda akiwa kijana, na Kiingereza alikijua kwelikweli. Ilipofika pale pa meza, Shabani akatoa maneno yake ya jeshi, na Anastazi, kwa sauti ya mwalimu asiyeweza kuvumilia kosa ubaoni, akasema:

"Samahani, Shabani. Hakusema hivyo. Amemwambia yule mgonjwa, 'Usiogope, niko hapa.'"

Kisha mwanamume mmoja wa benchi la nyuma akaangua kicheko. "Kumbe Shabani, siku zote hizi ulikuwa unatutungia tu?"

Wote wakacheka. Shabani naye akacheka, lakini mimi nilikuwa mbele, karibu na magoti yake, nikaona alivyokikaba kijiti chake. Akakielekeza mlangoni.

"Ninyi mnashangaa nini? Hamuoni koti lake? Daktari ameelewa lugha ya daktari mwenzake!"

Kicheko kikawa kikubwa mara mbili. Anastazi akatabasamu, akainua mkono kuaga, akaondoka. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ulimwita Dogoteri, yaani daktari kwa Kinyarwanda.

Mimi sikucheka. Mimi niliona kwamba Shabani amesema kweli. Koti lilikuwa lilelile. Cheche za betri zilikuwa zilezile. Na yule chura mwenye mikono ya kuomba, nani alijua alikuwa nini kabla hajatiwa ndani ya chupa? Nikaacha kwenda kuchukua sumaku. Nikaanza kumchungulia kupitia ufa wa mlango, na siku moja mchana nikamsikia. Alikuwa ameinamia sanduku lisilo na mfuniko, akizungusha kitu kwa ncha ya bisibisi, na alikuwa akiliambia sanduku lile kwa upole, kama anayembembeleza mtoto:

"Haya, sema. Sema basi. Nakusikia. Sema tena."

Na sanduku likasema. Sauti ya mwanamume, kwa Kiingereza, mbali kama inayotoka kisimani. Anastazi akapiga kofi moja la furaha.

Nilikimbia mpaka chini ya meza ya Baba ya kukatia vitambaa. Kesho yake shuleni nikasimulia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu wasichana wakubwa waliniita nikae nao. Siku ya pili niliongeza kwamba chura amepepesa macho. Siku ya tatu niliongeza vidole vya mtu. Nilikuwa mtoto wa fundi, wa katikati darasani, asiye na sifa yoyote, na ghafla nilikuwa nasikilizwa. Utamu ule naukumbuka bado, na unanichefua.

Kisha vita vikaanza. Vilikuwa mbali, mpakani, lakini Kigali iligeuka kwa wiki moja. Barabarani kukawekwa vizuizi, watu wakaanza kuchukuliwa makwao. Redio ilirudia neno moja kutwa, *ibyitso*, yaani wanaomsaidia adui kwa siri. Hakuna aliyenieleza maana yake. Nilidhani ndilo jina la wale watu wasiokufa, na kwamba hatimaye serikali nayo imewagundua.

Walikuja mchana, nikiwa uani naruka kamba. Alikuwepo konseye, yaani diwani wa mtaa, na askari wawili, na mbele yao Shabani. Hawakwenda kwenye mlango wa Anastazi. Walikuja kwangu.

"Huyu ndiye," Shabani akasema. "Hadija, mwanangu, mwambie mzee yale uliyowaambia wenzako. Usiogope. Wewe ni mtoto mkweli."

Konseye akachuchumaa. Alinuka sabuni ya kunyolea. "Mutoto, sema ukweri. Ndani ya ile nyumba iko nini?"

"Kuna sanduku," nikasema.

"Sanduku ya nini?"

"Anaongea nalo. Linamjibu."

Konseye akawatazama askari. "Linajibu kwa luga gani?"

"Kiingereza."

Nilimwona askari mmoja akibadilisha mkono wa kushikia bunduki. Adui, watu walisema, alitoka Uganda na kuzungumza Kiingereza. Mimi sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba wanaume wanne wazima walikuwa wamesimama wakinisubiri, na kwamba hadithi yangu ilikuwa haijafika mwisho.

"Na yeye anafanya nini na hiyo sanduku?" konseye akauliza.

"Anatengeneza jeshi," nikasema. "La watu wasiokufa. Atawatuma waingie nyumba kwa nyumba."

Nilimtazama Shabani nilipokuwa nasema, kwa sababu maneno yalikuwa yake, na mtoto anaposema somo vizuri humtazama mwalimu. Alikuwa ametazama chini. Alijua. Hilo ndilo ambalo kila anayeniambia "ulikuwa mtoto" hataki kulisikia. Alijua maneno yale yametoka wapi, maana aliyatunga yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kando ya televisheni. Angeweza kusema, "Mzee, hayo ni ya filamu." Sentensi moja tu. Hakuisema.

Baba alikuja mbio kutoka barazani, sindano bado zimeshikwa midomoni. Akazitema mkononi. "Mzee, huyu mtoto anaangalia sinema kila Jumapili! Shabani, waambie! Si kwako anakoangalia?"

"Nyamaza, fundi," akasema askari. "Au na wewe uko ndani?"

Mama alitoka jikoni, akanivuta kwa bega akanibana kwenye kitenge chake, na Baba akanyamaza. Namkumbuka alivyonyamaza. Mdomo ulibaki wazi.

Walimtoa Anastazi na koti lake. Walivunja masanduku yote kwa vitako vya bunduki wakitafuta mtambo wa kuzungumzia na adui, na mmoja akaipiga teke ile chupa. Spiriti ikamwagika hadi miguuni kwetu, na chura akalala matopeni, mdogo kuliko nilivyodhani. Anastazi alipopitishwa mbele yetu alisimama. Wakamsukuma, akasimama tena.

"Hadija," akasema. Hakusema Mamzeli. "Nimekukosea nini?"

Wakamwondoa.

Jioni ile nilisubiri kupigwa. Baba hakunipiga. Alinikalisha mbele yake akaniambia nirudie kila neno nililosema, na nilipofika kwenye jeshi alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alipoiondoa, alikwenda kuchukua redio yetu ya nyumbani, akaiweka mezani, akafungua skrubu za nyuma moja moja kwa mkasi. Akaiwasha. Mtu akawa anasoma habari.

"Mtafute," Baba akasema.

"Nani?"

"Huyo anayesema. Mtafute. Ingiza macho, tafuta vizuri."

Nilitazama. Palikuwa na vumbi, nyaya, vitu vidogo vyenye mistari ya rangi, na kombamwiko mmoja aliyekufa. Mwanamume yule aliendelea kusoma habari.

"Yuko wapi?" Baba akauliza. "Nionyeshe alipo."

"Hayupo."

"Hayupo," Baba akarudia. Ndipo nilipoelewa, yote kwa pamoja: hata kwenye sanduku la Anastazi hakuwamo mtu.

Miezi ikapita. Baba alimpelekea Anastazi chakula gerezani, akarudishwa, akapeleka tena, akarudishwa tena. Shabani aliendelea na video zake. Jumapili tulizisikia kelele za watoto tukiwa ndani, na Mama alifunga dirisha hata kama kulikuwa na joto. Watu mtaani walinipita kwa huruma wakinigusa kichwa. Hakuna aliyekwenda kwa konseye kusema, mtoto amekosea. Mtaa mzima ulikuwa umeiona filamu ile. Mabenchi yote yale, wanaume wote wale waliocheka, kila mmoja alijua jeshi lile limetoka wapi. Nikiwa na hasira na Shabani, ninayo ya kuwatosha na wao.

Anastazi aliachiwa mwaka uliofuata, yeye na wengine, bila kuambiwa kosa wala msamaha. Nilikuwa barazani nikichambua mchele. Nikaona mtu anakuja kwa hatua ngumu, magoti hayakunjiki, mabega yamekwenda upande mmoja. Paji la uso wake lilikuwa limeshonwa kwa uzi mnene mweusi kuanzia kwenye nywele hadi kwenye nyusi, na mkono wa kulia umefungwa matambara. Nilipiga ukelele ambao ulitoa watu nje.

"Ni yule wa mezani! Ni yule wa mezani!"

Akasimama katikati ya njia. Watu wakatutazama, mimi na yeye.

"Ni mimi, Hadija," akasema. "Ni Anastazi."

Nikakimbilia chini ya meza ya kukatia. Kutoka pale niliona miguu ya Baba ikimwendea, nikasikia sauti ya Baba, ya fundi:

"Nani aliyekushona hivi? Hata gunia la mkaa halishonwi hivi."

Na Baba, ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipomzika mama yake, akalia mbele ya mtaa.

Nimejiuliza mara nyingi lipi lilikuwa kosa kubwa, yale niliyomwambia konseye au ule ukelele. La kwanza nilidanganywa. La pili lilikuwa langu peke yangu. Walimchukua mtu mzima, mwalimu, wakampiga mpaka akafanana na kile alichotuogopesha nacho Shabani, na nilipomwona nikamkimbia.

Baba alimrudisha Anastazi kwenye chumba chake cha uani, akaamuru chakula chake kipelekwe na mimi, kila siku, mchana na jioni. Siku za kwanza niliweka sahani kizingitini nikarudi mbio. Hakuniita. Baada ya wiki kadhaa nilimkuta amekaa mbele ya redio ya mtu, ile ya kwanza kuletwa tangu arudi, akijaribu kushika chuma cha kulehemu kwa mkono wa kushoto. Chuma kilimponyoka, kikaunguza meza. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Alikiokota, kikamponyoka tena, akatoa tusi la Kinyarwanda ambalo sikujua kwamba walimu wanalijua.

"Nikushikie?" nikauliza.

Alinisogezea kigoda kwa mguu. "Njoo."

Ndivyo nilivyojifunza kulehemu. Aliniambia niguse wapi na nisiguse wapi. Moshi ule wa utomvu uliingia kwenye nywele zangu mpaka wenzangu shuleni wakaniambia nanuka fundi. Tulitengeneza redio nyingi. Hakuwa mpole kama zamani. Alikaripia upesi, na siku nyingine alikaa akitazama ukuta tu, nikaondoka bila kumsemesha. Siku moja, macho yangu yakiwa kwenye waya ili nisimtazame yeye, nilimwomba anisamehe.

"Una miaka mingapi sasa?" akauliza.

"Kumi na mmoja."

"Basi una akili. Sitakudanganya. Sijakusamehe. Najua hukujua, nauambia moyo wangu hivyo kila asubuhi, lakini moyo haujakubali. Ukikubali nitakwambia. Kaza mkono, unatikisa."

Watu huwa wananisubiri nilalamike kwamba alikuwa mkali kwa mtoto. Yeye ndiye mtu pekee mtaa mzima aliyenipa jibu la heshima. Wengine wote walinipa peremende.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Shabani. Sikuomba ruhusa ya mtu. Filamu ilikuwa nyingine, lakini daktari mwenye wazimu alikuwepo, hakukosekana, na Shabani alikuwa kwenye ubora wake. Nikasimama katikati ya mkeka.

"Anatunga!" nikapiga kelele. "Hajui Kiingereza! Alitunga na ya jeshi, wakamfunga Anastazi!"

Shabani hakugeuka. Alinyoosha mkono tu akapandisha sauti ya televisheni. "Kaa chini, binti, unaziba picha," akasema mtu nyuma yangu. Nilibaki wima nikipiga kelele hadi mwanamume mmoja akaninyanyua kwapani akaniweka nje, taratibu, kama kiti. Mlango ukafungwa. Nilisikia wakicheka, sijui kama walinicheka mimi au kitu cha kwenye filamu. Nililia kwa hasira njia nzima, na kwa kweli sidhani kama nimemaliza.

Wiki chache kabla ya ule mwezi wa Aprili wa mauaji ya kimbari, Anastazi alihamia Kabuga kwa dada yake, ambaye mumewe aliugua. Alibeba vyombo vyake kwenye mfuko mmoja. Ya Aprili sitayasimulia, yamesimuliwa na wenye haki kuliko mimi. Nitasema tu kwamba Biryogo iliwaficha wengi, na kwamba Baba alificha watu ndani ya chumba kilekile cha uani. Kama Anastazi angekuwa bado kwetu, labda angekuwa hai. Vita vilipokwisha Baba alikwenda Kabuga kwa miguu. Aliikuta nyumba ya dada yake haina paa wala mlango, na jirani akamwonyesha mahali walipofukiwa. Alirudi siku ya tatu, akaketi kwenye cherehani yake bila kushona.

Miaka mingi baadaye, Baba akiwa ameshafariki na mimi nikiwa mke wa mtu, vilianza vikao vya mtaa vya kusikiliza makosa ya miaka ile yote, tangu vita vilipoanza. Tulikaa nyasini. Shabani alikuwepo, mzee mwenye kofia safi, na watu walimsalimu kwa mikono miwili, kwa sababu ile Aprili alikuwa amemficha mtoto mmoja darini kwake hadi mwisho. Hilo ni kweli, nami sitalificha. Lilinifanya nimchukie zaidi, maana lilionyesha kwamba ushujaa alikuwa nao, na siku ile uani kwetu aliamua kutoutumia.

Nikasimama. Nilieleza yote, nikianzia kwangu mwenyewe. Kijana aliyekuwa akiandika akainua kalamu.

"Mama, ulikuwa na umri gani?"

"Miaka tisa."

"Basi jina lako siwezi kuliandika."

"Liandike," nikamwambia. "Kisha andika na la huyu aliyenileta mbele yao."

Minong'ono ikaanza. Shabani akasimama polepole, akiegemea bega la mjukuu wake. Akasema kwamba ni kweli, alimwonea wivu yule bwana, na kwamba ulikuwa mzaha uliomponyoka mkononi, na kwamba anaiomba radhi familia yake. Wanawake wengine wakafuta machozi. Mwenyekiti akamshukuru.

"Familia ipi?" nikauliza.

Mwenyekiti akainamia karatasi zake.

"Nauliza, familia ipi? Dada hayupo. Mume wa dada hayupo. Watoto hawapo. Anamwomba nani hiyo radhi?"

Mwenyekiti, mtu mwema, aliyechoka, akasema, "Binti yangu, wewe ndiye uliyebaki wa kumkumbuka. Ipokee kwa niaba yake. Mpeane mikono, tuendelee."

Shabani akanyoosha mkono. Ulikuwa mkono wa mzee, na mtaa mzima ukanitazama, wale wa mabenchi na watoto wa wale wa mabenchi. Nilifikiri jinsi ambavyo ingekuwa rahisi, na jinsi ambavyo wote wangelala vizuri. Lakini Anastazi alikufa bila kuniambia kwamba amenisamehe mimi. Nani aliniruhusu nigawe kwa wengine msamaha ambao mwenyewe sikuupata?

Niliuacha mkono wake hewani, nikaketi. Biryogo wanasema nina moyo mgumu. Waache waseme.